Bakteria Rafiki kwa Mbwa: Jinsi ya Kuipima Dawa ya Tumbo Kabla ya Kuinunua

UTANGULIZI

Mbwa ni mlinzi wa boma, mwenzi wa mchungaji na msaidizi wa askari. Hata hivyo afya yake aghalabu hukumbukwa pale tu anapougua. Na katika maradhi yanayompata, kuhara ni miongoni mwa yale ya kawaida kabisa. Katika nchi nyingi, na hata katika baadhi ya maduka ya mijini hapa Afrika Mashariki, zinauzwa unga, vidonge na malai zinazosemekana kuwa na "bakteria rafiki" wa kulituliza tumbo la mbwa. Bidhaa hizo huitwa probiotiki.

Bei yake si ndogo. Mwenye mbwa anayenunua unga usiofaa hupoteza fedha. Na lililo baya zaidi, huweza kupoteza siku moja au mbili ambazo mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa mkali hana za kupoteza. Kwa hiyo somo hili lina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza probiotiki ni nini na hufanyaje kazi. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kumwonyesha mwanafunzi jinsi mtu asiye na maabara anavyoweza kuyapima madai ya dawa kwa njia ya sayansi.

WAKAZI WA UTUMBO

Chakula akilacho mbwa huingia kwanza katika tumbo lenye asidi kali ya haidrokloriki. Kutoka hapo hupita katika utumbo mwembamba, ambamo vimeng'enya na nyongo hukivunjavunja na virutubisho vyake kufyonzwa. Mabaki huingia katika utumbo mpana. Humo ndimo wanamoishi bakteria wengi kupita mahali pengine popote mwilini: gramu moja ya kinyesi huwa na mabilioni yao.

Bakteria hao si wageni wala si wavamizi. Huchachusha nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vya mbwa haviwezi kuzivunja, na kutokana nazo hutengeneza asidi nyepesi za mafuta ambazo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Hukalia nafasi na kutumia virutubisho ambavyo vingeweza kutumiwa na vijidudu viletavyo maradhi. Kadhalika huuzoesha mfumo wa kinga wa mwili kutofautisha adui na asiye adui. Mbwa anapohara, jamii hiyo huvurugika: baadhi ya makundi hupungua na mengine kuongezeka kupita kiasi.

Kutokana na ujuzi huo lilizaliwa wazo la kumlisha mnyama bakteria wema ili kurudisha mizani. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris ambaye mwaka 1908 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya kinga ya mwili, alidhani kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu walikunywa maziwa yaliyochachushwa. Dhana yake iliamsha utafiti mwingi. Lakini tukumbuke kwamba wakulima hao walitofautiana na watu wa mijini katika mambo mengine mengi: kazi, hewa, chakula na desturi. Kuona vitu viwili pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine.

MAANA YA PROBIOTIKI

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na Kilimo (FAO) na ya Afya (WHO) walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana juu ya maana ya neno hili. Probiotiki, walisema, ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha humletea yule anayevipokea faida ya kiafya. Maana hiyo ina sehemu tatu, na kila moja ni swali la kumwuliza mwuzaji: Je, vijidudu hivi vi hai? Je, vinatosha kwa idadi? Je, faida yake imethibitishwa?

Sehemu ya tatu yahitaji maelezo zaidi. Bakteria hutajwa kwa jenasi na spishi, kama vile Enterococcus faecium au Lactobacillus acidophilus. Lakini ndani ya spishi moja kuna koo mbalimbali zinazoitwa nasaba, na kila nasaba hupewa alama yake ya herufi au tarakimu. Tofauti baina ya nasaba si ndogo. Chukua mfano wa Escherichia coli. Nasaba yake iitwayo O157:H7 huwaletea watu kuhara damu, na huweza hata kuua. Nasaba nyingine ya spishi iyo hiyo, iitwayo Nissle 1917, iligunduliwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na daktari Alfred Nissle, aliyeipata kwa askari ambaye hakuugua wenzake walipoharishwa. Nayo hutumiwa hadi leo kama probiotiki. Basi lebo inayotaja spishi peke yake bila nasaba haijatueleza la maana. Ni sawa na kusema kwamba barua imeandikwa na "mtu wa Tanga".

Jambo jingine la kufahamika ni kwamba bakteria wanaoletwa kwa dawa aghalabu hawafanyi makao ya kudumu. Hupita, hufanya kazi yao ikiwa ipo, kisha hutoweka siku chache au majuma machache baada ya dawa kukoma. Kwa hiyo asemaye kwamba kopo moja "litautengeneza upya" utumbo wa mbwa kwa maisha yake yote, anasema yasiyothibitishwa.

KWA NINI MACHO YETU HUTUDANGANYA

Vyura hulia, kisha mvua hunyesha. Hakuna asemaye kwamba vyura ndio walioileta mvua. Lakini mbwa akihara, akapewa unga, akapona siku ya tatu, wengi wetu husema bila kusita kwamba unga ndio uliomponya.

Ukweli ni kwamba kuhara kwingi kwa mbwa mzima, hasa kule kunakotokana na kula mzoga, taka au chakula kigeni, hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Zaidi ya hayo, mwenye mbwa hukimbilia dawa pale hali inapokuwa mbaya kabisa. Na hali iliyofika kilele cha ubaya, katika ugonjwa wa kupita, haina njia isipokuwa kuteremka. Hivyo karibu kila dawa, hata unga wa muhogo, itaonekana kuwa imefanya kazi.

Njia ya kuuepuka udanganyifu huo ni kulinganisha. Mbwa wagonjwa hugawanywa katika makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili, ambalo ndilo kundi la kulinganishia, hupewa kiigizo, yaani kitu kinachofanana na dawa kwa sura lakini kisicho na bakteria. Tena ni vizuri mwenye mbwa na daktari anayehesabu siku za ugonjwa wasijue nani amepewa nini, ili matumaini yao yasiingie katika hesabu. Swali halisi basi si "Je, mbwa walipona?" bali "Je, waliopewa dawa walipona upesi kuliko wasiopewa?"

MAJARIBIO MATATU

Na tuyatazame majaribio matatu ya namna hiyo yaliyokwisha kuchapishwa.

La kwanza lilichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Uingereza la tiba ya wanyama wadogo. Mbwa 36 wenye ugonjwa wa ghafula wa tumbo walipewa ama mchanganyiko wa bakteria kadhaa ama kiigizo. Waliopewa bakteria walifikia mwisho wa kinyesi kibaya baada ya wastani wa siku 1.3, wa kiigizo baada ya siku 2.2. Hapa kuna faida, lakini tazama ukubwa wake: ni pungufu ya siku moja. Tazama pia kwamba kundi lisilopata bakteria nalo lilipona katika muda wa siku mbili hivi.

La pili lilifanyika katika kituo cha kutunzia mbwa na paka walioachwa, kaskazini ya jimbo la Colorado, Marekani, likachapishwa mwaka 2011. Nasaba iliyotumiwa ni Enterococcus faecium SF68. Miongoni mwa paka waliopewa, asilimia 7.4 walihara kwa siku mbili au zaidi, hali waliopewa kiigizo walikuwa asilimia 20.7. Kwa paka, basi, tofauti ilikuwa dhahiri. Lakini kwa mbwa wa kituo kile kile, waliopewa nasaba ile ile, hapakuonekana tofauti ya kuaminika. Mbwa walioharisha walikuwa wachache katika makundi yote mawili. Funzo lake ni kubwa: ushahidi uliopatikana kwa paka ni wa paka, na wa binadamu ni wa binadamu. Hauhamishwi kwa mbwa kwa kubadilisha picha iliyo juu ya kopo.

La tatu lilichapishwa mwaka 2019, pia huko Marekani, kwa mbwa 60 wenye kuhara kwa ghafula. Makundi yalikuwa matatu: la probiotiki, la dawa ya metronidazoli na la kiigizo. Kinyesi kilirudi katika hali njema baada ya wastani wa siku 3.5 kwa probiotiki, siku 4.6 kwa metronidazoli, na siku 4.8 kwa kiigizo. Mtu wa pupa angesema probiotiki imeshinda. Lakini muda wa kupona ulitofautiana sana baina ya mbwa na mbwa ndani ya kila kundi, hata hesabu ya takwimu ikaonyesha kwamba tofauti hizo zingeweza kutokea kwa bahati tu. Na metronidazoli, ambayo watu wengi huitoa kwa mbwa kila anapohara, nayo haikuonyesha faida ya kuaminika katika jaribio hilo.

Tukiyaweka majaribio haya pamoja, twaweza kusema hivi: baadhi ya probiotiki huenda zikafupisha kuhara kwa kawaida kwa muda mfupi, si zote, si kila mara, na faida yenyewe ni ndogo. Anayeahidi zaidi ya hayo hana budi kuonyesha ushahidi wake.

LEBO NA YALIYOMO

Hata nasaba yenye ushahidi mwema haina maana ikiwa haimo ndani ya kopo. Jambo hili lilichunguzwa nchini Kanada na J. Scott Weese na wenzake. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya kupima vyakula 19 vya mbwa na paka vilivyodaiwa kuwa na probiotiki. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na bakteria wote walioandikwa juu yake, na 5 kati ya hivyo havikuotesha bakteria wa aina husika hata kidogo. Mwaka 2011 walichapisha upimaji wa bidhaa 25. Kati ya 15 zilizotaja idadi maalumu ya bakteria na ambazo muda wake haukuwa umekwisha, ni 4 tu zilizofikia idadi hiyo au kuipita. Katika zote 25, bidhaa zilizokuwa na lebo sahihi na pia yaliyomo sahihi zilikuwa 2 tu.

Sababu moja ya upungufu huo ni kwamba bakteria ni viumbe hai, nao hufa. Joto na unyevu huharakisha kifo chao. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba unga ulitoka kiwandani ukiwa na bakteria bilioni 1 kwa gramu, na kwamba katika ghala lenye joto nusu yao hufa kila mwezi. Baada ya miezi 10 idadi itakuwa imegawanywa kwa 2 mara kumi, yaani kwa 1,024. Watakaosalia ni karibu 977,000 kwa gramu, pungufu ya milioni moja. Majaribio mengi kwa mbwa hutumia mamia ya mamilioni hadi mabilioni kadhaa kwa siku. Mbwa huyo ingemlazimu ale unga kwa kilo!

Ndiyo maana lebo nzuri huahidi idadi iliyo hai hadi mwisho wa muda wa matumizi, wala si "wakati wa kutengenezwa" peke yake. Idadi hiyo huandikwa kwa herufi CFU, maana yake hesabu ya makundi yanayoota pale bakteria wanapopandwa katika sahani ya maabara. Inafaa pia kujua kwamba bakteria wa jenasi ya Bacillus huweza kujifunika kwa gamba gumu na kuwa spora, hivyo hustahimili joto kuliko wale wa maziwa. Katika nchi zenye joto kama pwani yetu hilo ni jambo la kufikiria, ingawa kustahimili joto peke yake si ushahidi wa kuponya.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha tofauti ya bakteria hai na waliokufa bila vifaa vya ghali.

Vifaa: maziwa, mtindi usiotiwa sukari, chupa tatu safi zenye vifuniko, sufuria, karatasi za litimasi.

Njia:
1. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kipimo sawa katika chupa A, B na C.
2. Katika chupa A tia kijiko kidogo cha mtindi. Katika B tia kijiko kidogo cha mtindi uliochemshwa vizuri na kupozwa. Katika C usitie kitu.
3. Funika chupa zote na uziweke mahali pamoja penye joto kwa saa 24.
4. Tazama kama maziwa yameganda, na upime kila chupa kwa litimasi.

Chupa A inatazamiwa kuganda na kuwa na asidi zaidi ya nyingine. B na C zisigande. Kwa kuwa mtindi wenyewe una asidi tangu mwanzo, B ndiyo inayotuhakikishia kwamba mgando wa A umeletwa na bakteria hai wala si na asidi iliyotiwa kwa kijiko. B au C ikichacha, yamkini chupa haikuwa safi, na jaribio lirudiwe. Maziwa haya yasinywewe. Yamwagwe, na wanafunzi wanawe mikono.

Angalia mipaka ya jaribio. Linaonyesha uhai, halionyeshi uponyaji. Tena si bakteria wote wa probiotiki wanaogandisha maziwa, kwa hiyo unga usiogandisha hauwezi kuhukumiwa kwa njia hii peke yake.

NAMNA YA KUCHAGUA

Daktari wa mifugo akiisha kukubali kwamba probiotiki yaweza kufaa, mnunuzi na aulize maswali haya:

1. Je, lebo imetaja jenasi, spishi na nasaba?
2. Je, nasaba hiyo imejaribiwa kwa mbwa, kwa ugonjwa huu, kwa kulinganisha na kiigizo?
3. Je, idadi ya bakteria hai imetajwa, na imeahidiwa hadi mwisho wa muda wa matumizi?
4. Je, kipimo cha siku, kwa uzito wa mbwa, kinafikia kile kilichotumiwa katika jaribio?
5. Je, bidhaa imehifadhiwa kama lebo inavyoagiza? Iliyoagizwa kukaa baridini isinunuliwe kutoka rafu inayopigwa na jua.
6. Je, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho vimo?
7. Je, viungo vingine ni salama? Sukari bandia iitwayo zailitoli, ambayo hutiwa katika baadhi ya vyakula na dawa za watu, ni sumu kwa mbwa: huteremsha sukari ya damu kwa ghafula na huweza kuharibu ini.

Wingi wa majina ya bakteria si kipimo cha ubora. Nasaba moja iliyojaribiwa ni bora kuliko kumi zisizojulikana. Nao mtindi wa nyumbani? Mtindi mtupu kidogo ni chakula, na mbwa wengi huustahimili; lakini mbwa wazima wengi hawaimudu sukari ya maziwa, na nasaba na idadi ya bakteria wake hazijulikani. Basi usiitwe dawa.

PASIPOFAA KUNGOJA

Mwaka 1978 ulitambuliwa ugonjwa mpya wa mbwa uletwao na virusi vya parvo, ukaenea duniani kwa muda mfupi. Hushambulia hasa watoto wa mbwa: hutapika, huhara damu, hupoteza maji na huweza kufa katika siku chache. Hakuna probiotiki inayoweza kuchukua mahali pa maji ya mshipani na uangalizi wa daktari, wala pa chanjo iliyotolewa mapema.

Mbwa apelekwe kwa daktari au bwana mifugo bila kukawia ikiwa kinyesi kina damu, anatapika mfululizo, amelegea, ana homa, hajapata nafuu baada ya siku mbili, au ni mtoto asiyechanjwa. Dalili moja rahisi ya upungufu wa maji ni hii: ngozi ya juu ya mabega ikivutwa na kuachwa, hurudi polepole badala ya mara moja. Kadhalika kuhara kunakorudi mara kwa mara huweza kuletwa na minyoo. Na minyoo hutolewa kwa dawa ya minyoo, si kwa bakteria rafiki.

MUHTASARI

Probiotiki ni viumbe hai, hivyo zahitaji kutambuliwa kwa nasaba, kuhesabiwa na kutunzwa. Faida yake kwa mbwa ipo katika baadhi ya majaribio, ni ndogo, na ni ya nasaba iliyojaribiwa tu. Kupona kwa mbwa mmoja hakuthibitishi dawa, kwa kuwa wengi hupona bila dawa. Kipimo hiki cha kulinganisha chafaa kwa kila dawa itangazwayo, ya mnyama au ya binadamu.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya spishi na nasaba. Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa mnunuzi?
2. Jirani amempa mbwa wake unga fulani, naye akapona baada ya siku tatu. Taja sababu mbili zinazoweza kueleza kupona huko mbali na unga.
3. Unga una bakteria milioni 800 kwa gramu, na nusu yao hufa kila mwezi. Watabaki wangapi kwa gramu baada ya miezi 5?
4. Katika jaribio la darasani, kwa nini chupa B inahitajika ingawa chupa C ipo?
5. Chagua tangazo lolote la dawa ulilolisoma au kulisikia. Andika ni ushahidi gani ungeutaka kabla ya kuliamini.